Kumbukumbu ya mradi: kupima mtawanyiko wa marisaa ya .410 kwa kanga na kwale

Mradi huu unatafuta jibu la swali moja: shotigani ya .410 inamwangusha kanga au kwale kwa uhakika kutoka umbali gani, na kwa risasi ipi? Bunduki ni ya mtutu mmoja, chemba yake, yaani sehemu ya mtutu inapokaa risasi, ina urefu wa mm 76, na choki, yaani mbano wa mdomo wa mtutu, ni kamili na haifunguki. Windo ni la nyika za kati ya Tanzania, kwa leseni na ndani ya msimu. Ndege aliyejeruhiwa akakimbilia vichakani ni mateso na ni nyama iliyopotea, kwa hiyo hesabu yote hapa chini inaegemea upande wa kutomjeruhi.

Kwanza, kwa nini .410 ni ngumu. Namba hiyo si geji, kile kipimo cha kawaida cha ukubwa wa mtutu wa shotigani. Ni kipenyo cha mtutu kwa inchi, sawa na mm 10.4. Geji 28 ina mm 14.0 na geji 12 ina mm 18.5. Ukiweka uzito uleule wa marisaa ndani ya .410 na ndani ya geji 28, safu ya punje kwenye .410 inakuwa ndefu mara 1.8. Safu ndefu na nyembamba ina madhara mawili. Punje za chini zinabanwa na zile za juu baruti inapolipuka, na punje nyingi zaidi zinasuguana na ukuta wa mtutu pale kikombe cha plastiki kinachozibeba kinapokuwa kifupi au hakipo. Punje iliyobonyea haiendi sawa: hewa huikamata, huchelewa, na huchepuka nje ya kundi. Ndiyo maana geji 28 yenye gramu 21 hutoa kundi zuri la matundu kwenye karatasi ya majaribio kuliko .410 yenye gramu 19.5, ingawa tofauti ya uzito ni ndogo.

Kujua kilicho ndani ya risasi

Usiamini namba ya ukubwa wa punje iliyoandikwa kwenye boksi kabla ya kupima punje kwa kalipa. Namba 6 ya Marekani ni mm 2.8, namba 6 ya Uingereza ni mm 2.6. Anayenunua risasi za nchi mbalimbali kwa kufuata namba peke yake anachanganya vitu viwili tofauti. Kwenye daftari la mradi huu kila risasi imeandikwa kwa milimita, na namba zinazotajwa hapa ni za Marekani.

Ili kuhesabu punje, fungua mkunjo wa juu wa ganda kwa mkono, mwaga marisaa kwenye bakuli, uhesabu. Ishia hapo. Ganda lililobaki lina baruti na fataki hai. Lisibanwe kwenye jiliwa, lisitobolewe, lisikae karibu na moto. Punje za risi, yaani madini ya risasi, zikibonyea kirahisi chini ya koleo, madini yake ni laini na zitabonyea mtutuni. Zilizoongezwa antimoni ya kutosha ni ngumu zaidi na hutoa kundi lililoshikana. Bei yake ni kubwa, lakini kwa .410 ndiyo pesa yenye faida kuliko zote.

Risasi ya mm 76 yenye gramu 19.5 huwa na punje karibu 93 za namba 4, 155 za namba 6, au 240 za namba 7½. Ile fupi ya inchi 2½ yenye gramu 14 ina punje 112 za namba 6 au 175 za namba 7½. Fupi ndiyo yenye kasi zaidi, karibu mita 366 kwa sekunde dhidi ya 346 za ndefu, na wengi huichagua kwa sababu hiyo. Ni kosa. Kasi hiyo ya ziada huliwa na hewa mapema, ilhali punje zilizopungua hazirudi.

Onyo moja lisilo na mjadala: risasi ya mm 76 isiingizwe kwenye chemba fupi hata kama inaingia. Ganda likifunguka halina nafasi, mdomo wake unabana njia ya marisaa, na shinikizo linapanda kupita uwezo wa chuma. Kipimo cha chemba kimegongwa kwenye mtutu, kisome hapo.

Karatasi

Fremu ni mirunda minne iliyopigiliwa, na karatasi ya kaki ya sm 120 kwa 120. Ndogo kuliko hapo huficha punje zilizochepuka, na bila hizo hujui ni asilimia ngapi ya punje zilibaki kwenye kundi. Nyuma yake pawe na tuta la udongo la kuzuia punje. Punje ya namba 6 huweza kufika mita 220 hivi na ya namba 4 mita 260, kwa hiyo mita 300 za mbele ziwe hazina watu, mifugo wala njia.

Alama ya kulenga ni doa jeusi la sm 5. Umbali hupimwa kwa futi kamba kutoka mdomo wa mtutu, si kutoka kwenye meza. Bunduki hulazwa juu ya mfuko wa mchanga. Karatasi moja, risasi moja. Ukipiga mbili kwenye karatasi ileile umeiharibu. Andika papo hapo aina ya risasi, umbali, upepo.

Kisha tafuta mahali punje zilipojaa zaidi, na hapo ndipo pawe katikati ya duara, hata kama ni mbali na doa. Kwa kamba ya sm 25.5 chora duara la sm 51. Duara la sm 76 kwa mita 36.6 ndilo kipimo cha kawaida cha geji kubwa; kwa .410 ni kujidanganya, kwani katikati panaweza kuwa pazuri huku pembeni kukiwa na matundu ya kupita kwale mzima. Pima pia umbali kati ya doa na kitovu cha kundi. Kikihama upande uleule kwa sm 10 au zaidi kwa mita 25, tatizo liko kwenye kitako au jicho, na hakuna risasi itakayolirekebisha.

Karatasi moja haisemi kitu. Risasi mbili za boksi moja hutofautiana sana, hivyo tano kwa kila umbali ndiyo chini kabisa, na kumi ndizo zinazoaminika.

Hesabu iliyoamua

Ndege anahitaji walau punje 3 kwenye sehemu za uhai. Wastani wa 3 hautoshi, kwa sababu punje hutawanyika kwa bahati. Wastani ukiwa 5, mara 1 katika kila 8 ndege atapata 2 au pungufu. Wastani ukifika 8, hatari hiyo inashuka chini ya mara 2 katika 100. Mradi huu umeshika 8.

Kwa kwale nimechukua kadi ya sm 8 kwa 10 kuwakilisha kichwa, shingo na kifua. Kwa kanga, sm 10 kwa 14. Duara la sm 51 lina eneo la sm za mraba 2,043. Basi, ili kadi ipate wastani wa punje 8, kanga anahitaji punje 117 ndani ya duara, na kwale 204.

Hapo mambo yakajipanga yenyewe. Namba 4 inaanguka hata kama punje zote 93 zingeingia. Namba 6 fupi, yenye 112, nayo inaanguka. Namba 6 ndefu inahitaji asilimia 75 ndani ya duara kumfaa kanga, kiwango ambacho choki kamili yenye marisaa magumu inaweza kukifikia kwenye mita 25. Kwale anahitaji namba 7½ ndefu, na asilimia 85. Hiyo ni nyingi, na inapatikana tu ukimsogelea zaidi, mita 20 hivi. Kwa maneno mengine, ndege mdogo ndiye anayefupisha umbali, na wawindaji wengi hufikiri kinyume chake.

Kwa nini basi kanga asipigwe kwa namba 7½, yenye punje nyingi? Kwa uzito. Punje ya namba 6 ina gramu 0.126, ya 7½ ina 0.081. Manyoya ya kanga ni mazito na mifupa ya bawa ni minene. Rundo la magazeti ya zamani yaliyofungwa kwa kamba linaonyesha tofauti hiyo: hesabu kurasa zilizotobolewa kwa kila aina, umbali uleule. Matokeo ni ya kulinganisha tu, hayakuambii kina ndani ya nyama. Namba 9 ibaki kwa mazoezi ya visahani.

Ndege akiwa anaruka, toa mita chache tena. Karatasi imesimama na inapokea punje zote. Ndege anayepita mbele ya msururu mrefu wa .410 anakutana na sehemu yake tu.

Hali ya sasa

Kwenye begi la kanga ni namba 6 ya mm 76 yenye punje ngumu, mwisho mita 25. Kwa kwale ni 7½ ya mm 76, mwisho mita 20. Vigingi vya umbali huo hupigwa kwenye uwanja wa mazoezi ili jicho lizoee, maana nyasi fupi hudanganya.

Risi haitumiki kabisa kwenye madimbwi na mabwawa: bata humeza punje pamoja na changarawe na hufa kwa sumu. Chuma si mbadala mzuri ndani ya .410, kwani uzito wake ni gramu 7.8 kwa sentimita ya ujazo dhidi ya 11 za risi, na nafasi ndani ya ganda ni finyu. Bismathi, yenye 9.6, ndiyo itakayopimwa baadaye, kwa duara lilelile na kiwango kilekile cha 8. Kinachofuata kabla ya hapo ni kulinganisha boksi lililokaa kivulini na lililoachwa kwenye gari juani, kwa mita 25, kuona kama joto linafungua kundi.