Visiki kwanza: jinsi nilivyorudisha miombo kwenye kiwanja cha makala (mkaa), Lubumbashi

Ushauri wa kwanza niliopewa juu ya kiwanja hiki ulikuwa huu: ng'oa visiki vyote, lima kwa trekta, panda akasia kwa mistari, mita tatu kwa mita tatu, halafu anza kuhesabu kaboni. Ulikuwa ushauri mbaya. Unaniudhi mpaka leo kwa sababu bado unatolewa hapa Lubumbashi kwa watu wenye nia njema kabisa, wanaotaka kuondoa kaboni hewani na kuwaachia watoto msitu. Wanaishia na shamba la kuni ambalo ndani yake hakuna uyoga, hakuna vishimu (viwavi wa kuliwa), hakuna masuku (matunda ya mwituni).

Kiwanja ni hekta mbili, upande wa barabara ya Kasenga, miombo iliyokatwa yote kwa ajili ya makala. Kwa mbali huoni kitu: nyasi ndefu, madoa meusi ya matanuru, visiki vya kimo cha goti. Lakini kisiki cha Brachystegia au Julbernardia, miti ya miombo, si maiti. Kwangua gome lake karibu na ardhi kwa ncha ya panga, sehemu ndogo kama ukucha. Chini yake pakiwa na unyevu na rangi ya waridi au kijani, mzizi ni mzima. Pakiwa pakavu, kahawia, panapukutika unga, hapo ndipo umekufa. Kazi ya siku ya kwanza ni hiyo tu, kukwangua na kuhesabu. Nilipima viwanja vidogo vya mita 20 kwa 20 kwa kamba na vijiti. Kiwanja kidogo chenye visiki hai 12 ni sawa na visiki 300 kwa hekta, na kwa kipimo changu mahali penye kiasi hicho hapahitaji mche hata mmoja. Mizizi iliyolishwa miaka mingi na mti mkubwa inasukuma chipukizi kwa kasi ambayo mche wa kitalu hauwezi kuikaribia. Tena sehemu kubwa ya kaboni ya miombo iko chini, kwenye mizizi na udongo. Trekta inayong'oa visiki inairusha kaboni hiyo hewani kabla hujapanda chochote cha kuirudisha.

Kitalu nacho nilikijaribu, kwa ajili ya pembe moja ambako visiki vilikuwa vimekufa, na makosa yake ni mazuri kujifunzia. Maganda ya Brachystegia spiciformis yanapasuka kwa kishindo juani mwishoni mwa kiangazi na kurusha mbegu mbali, kwa hiyo lazima uokote mapema kabla wadudu hawajazitoboa. Mbegu mbichi huota vizuri bila kuchemshwa wala kukwaruzwa. Hapo ndipo unapodanganyika. Juu ya sashe (mfuko wa plastiki wa kitalu) unaona majani manne, matano, mche wa kimo cha kidole, unadhani umedumaa, unaongeza maji na mbolea. Kumbe chini mzizi mkuu umeshagonga sakafu ya sashe ya sentimita 20 na umeanza kujizungusha kama kamba ndani ya kikapu. Nilipopasua sashe moja kwa wembe, mzizi ulikuwa umezunguka mara tatu. Mche wa namna hiyo ukipandwa Desemba unaonekana mzima mpaka Aprili, kwa sababu mvua inaubeba. Mvua ikikoma, mzizi uliojifunga hauwezi kushuka kufuata unyevu, na kufikia Julai umekauka. Miche karibu yote ya mwaka ule ilikufa hivyo.

Kulikuwa na kosa la pili chini ya lile la kwanza. Udongo wa sashe ulitoka bustanini, mweusi, mtamu kwa mboga. Miti mikuu ya miombo, yaani Brachystegia, Julbernardia na Isoberlinia, huishi kwa kushikana na kuvu wanaofunika ncha za mizizi na kuiletea chakula kutoka udongo huu mwekundu ulio maskini. Udongo wa bustani hauna kuvu hao. Safari iliyofuata niliacha sashe kabisa. Nilichimba mashimo papo hapo kiwanjani, nikachanganya sehemu moja ya udongo wa juu uliochukuliwa chini ya mti mama na sehemu tatu za udongo wa shimo, nikaweka mbegu tatu kila shimo mvua za Novemba ziliposhika. Usitarajie urefu. Mche wa miombo hukausha shina lake kila kiangazi na kuchipua tena, mwaka baada ya mwaka, huku ukijenga mzizi. Anayekagua kwa rula baada ya miaka miwili ataandika kwamba umeshindwa, na ataandika uongo.

Visiki vyenyewe havidai mengi. Kata upya kile kilichopasuka au kilichokatwa juu mno, kwa panga kali au msumeno, chini kabisa, sentimita 10 hadi 20 kutoka ardhini, mkato uwe wa mteremko ili maji yasituame. Machipukizi yanayotoka chini hushika imara, yale ya juu ya kisiki kirefu huvunjwa na upepo. Yaache yote mwaka wa kwanza, hata yakiwa 15. Kiangazi cha pili bakiza mawili au matatu, yaliyonyooka na yaliyo pande tofauti za kisiki. Fanya hivyo kabla ya majani mapya mekundu ya Agosti na Septemba, maana ukichelewa unakata nguvu ambayo mzizi umeshaitoa.

Adui mkubwa ni moto, na hapa ndipo nilipotumia akili zaidi kuliko fedha. Moto wa Mei au Juni, nyasi zikiwa na ubichi nusu, hutambaa chini. Moto wa Septemba au Oktoba huruka juu ya kichwa cha mtu na kuua kila chipukizi lisilofika mita mbili. Si maneno ya wazee peke yao. Huko Ndola, Zambia, upande wa pili wa mpaka, majaribio ya kuchoma miombo yalianza miaka ya 1930 na kuendelea kwa makumi ya miaka. Mahali palipochomwa mwisho wa kiangazi kila mwaka pamegeuka kuwa nyasi tupu, palipochomwa mapema pamebaki miombo, palipokingwa moto kabisa pamefunga kuwa kichaka kizito.

Watu wengi hufyeka kinga ya moto Julai, nyasi zote zikiwa kavu, kisha wanaichoma na inawatoroka. Fanya mwisho wa Aprili. Fyeka mistari miwili inayokwenda sambamba kuzunguka kiwanja, kila mmoja upana wa mita mbili, katikati ukiacha njia ya mita nane. Fyeka na hiyo njia, kisha vuta nyasi zote za mistari na kuzilaza katikati. Zilizolala zitakauka kwa siku kumi hivi, na wakati huo nyasi zilizosimama ndani na nje ya kinga bado ni mbichi. Subiri saa kumi na moja jioni, upepo ukitulia, washa kwa vipande vya mita 20, watu wawili kila upande na matawi mabichi. Moto unakula nyasi zilizolala, unafika kwenye ubichi, unakufa wenyewe. Kabla ya giza una mkanda mweusi wa mita nane ambao moto wa Septemba hauna cha kula humo. Gharama yake ni chakula cha watu wanne kwa siku chache na kunoa mapanga. Kuzunguka kila kisiki ongeza duara tupu la mita moja, nyasi zote zitolewe kwa mkono.

Ndani ya kinga nililazimika kuchagua. Kwa kaboni peke yake jibu ni rahisi: zuia moto daima, hesabu itapanda. Lakini kichaka kikifunga, kivuli kinaua nyasi na maua ya chini yaliyozoea mwanga. Kiwanja chenye kaboni nyingi kuliko vyote kinaweza kuwa na aina chache za viumbe kuliko jirani yake. Kwa hiyo nusu haichomwi, na nusu inachomwa mwezi wa Mei kila baada ya miaka miwili, tangu machipukizi yalipopita mita mbili. Napoteza kilo kadhaa za kaboni. Nakubali.

Madoa ya matanuru yalinisumbua zaidi. Pale udongo umepikwa mpaka ukawa kama tofali, na mizizi iliyokuwa chini yake imekufa kwa joto. Chipukizi halitoki hapo. Ila juu ya doa kuna tabaka la udongo mweusi uliojaa vipande vidogo vya makala, na makala yakisagwa na kuzikwa hukaa udongoni miaka mingi sana bila kuoza. Hiyo ni kaboni iliyokwisha kuondolewa hewani, mtu hahitaji kukata mti mwingine kuipata. Nilichota tabaka hilo, nikachekecha kwa wavu wa dirisha, nikachanganya ndoo moja na ndoo mbili za samadi ya mbuzi, nikafunika wiki tatu. Ukiyatia makala matupu bila samadi, yananyonya naitrojeni na mahindi yanakuwa ya manjano. Mchanganyiko ulikwenda shamba la mahindi, konzi mbili kila shimo. Msituni sikuutia, kwa makusudi: miombo imezoea udongo wenye tindikali, sina sababu ya kuubadilisha. Doa lenyewe nililivunja kwa sururu sentimita 40 ili mvua iingie. Na tafadhali, mtu akikuambia uchome magogo ili kutengeneza makala ya kutia udongoni, kataa. Magunzi na mabua ya mahindi yanatosha, yakichomwa kwenye shimo la umbo la faneli na kuzimwa kwa maji kabla hayajawa majivu.

Sasa juu ya miti ya kigeni, kwa sababu swali halikomi. Mikaratusi na Acacia auriculiformis ina mahali pake: karibu na mji, kwenye mashamba yaliyochoka, kwa kuni zinazopunguza shoka msituni. Kwenye nyanda za Bateke, mashariki ya Kinshasa, huko Ibi, akasia hupandwa pamoja na mihogo, na hilo naliheshimu. Lakini angalia mnyororo wake ukiileta juu ya miombo hai. Mchwa hupenda mikaratusi michanga. Mwenye shamba anaona miche inalala chini, ananunua dawa, anamwaga kwenye kila shimo. Dawa inaua mchwa. Pamoja na mchwa unakwenda uyoga wa Termitomyces, ambao mchwa huulima ndani ya kichuguu, na mmojawapo, Termitomyces titanicus, una kofia inayoweza kufika mita moja. Mama anayeuza uyoga kando ya barabara mwezi wa Desemba hajui kwamba meza yake imepunguzwa na hesabu ya kaboni ya mtu mwingine. Vichuguu vyetu vikubwa visisawazishwe kwa sababu yoyote, vina miti yake ambayo haioti penginepo kiwanjani.

Mwaka 2019 mwanasayansi Simon Lewis na wenzake walihesabu ahadi za nchi za kurudisha misitu, wakakuta karibu asilimia 45 ya eneo lililoahidiwa ni mashamba ya miti ya biashara. Nchi yetu, Kongo, imeahidi hekta milioni 8. Ni muhimu sana hekta hizo zitahesabiwa vipi.

Kuna mahali pawili ambapo hata mti wa kienyeji haupandwi. La kwanza ni dembo. Bonde lile lenye nyasi na maji linaonekana bure, ndiyo maana wapimaji hulipenda. Udongo wake mweusi tayari umebeba kaboni kwa sababu maji yanazuia kuoza. Panda mikaratusi, maji yanashuka, udongo unaanza kuoza, na kikanda tunachochimba humo, ambacho ni viazi vya okidi, kinapotea. La pili ni vilima vya shaba. Havina miti kwa sababu madini yamejaa udongoni, si kwa sababu mtu ameikata. Mimea kadhaa ya pale, kama Crepidorhopalon perennis, haipo mahali pengine popote duniani. Kuleta udongo mpya na kupanda miti juu yake ni kuifuta. Na wale wanaozungumzia kumwaga unga wa mawe mashambani ili ushike kaboni, wajue mawe ya hapa yanatoka wapi: unga wenye shaba na kobalti hauendi kwenye shamba la chakula.

Kupima nafanya kila Juni. Rangi nyekundu kwenye shina, mita 1.30 kutoka ardhini, na kila shina la kisiki linapimwa peke yake. Kilo za mti mkavu juu ya ardhi ni 0.0673 mara (uzito wa mbao kwa gramu za kila sentimita ya ujazo × kipenyo × kipenyo × urefu) kwa kipeo cha 0.976. Mti wenye kipenyo cha sentimita 10, urefu mita 7, mbao ya gramu 0.7, unatoa kilo 28 hivi. Zidisha 0.47 upate kaboni, halafu 3.67 upate kaboni dioksidi: kama kilo 49. Kosa la kawaida ni kupima mzingo kwa kamba na kusahau kugawanya kwa 3.14, hapo msitu wako unakua karibu mara kumi kwenye karatasi.

Katika daftari lilelile, ukurasa wa kushoto, naandika vitu ambavyo fomula haivioni: aina za miti, vishimu kwenye majani, uyoga. Januari ya mwaka wa tano ulitoka uyoga wa manjano, mdogo, kwa mstari uliopinda, hatua mbili kutoka kisiki cha Julbernardia nilichokikwangua siku ya kwanza. Chini ya ile miche iliyopandwa kwa mbegu bado haujatoka.