Sungusungu wa Njia ya Kisorya

Enzi zile njia ya kutoka Bunda kwenda Kisorya ilikuwa vumbi kiangazi na tope masika. Mimi niliipita masika, Aprili 2013, peke yangu, juu ya Phoenix. Nia ilikuwa kuizunguka Ghuba ya Speke, ya Ziwa Victoria, kwa baiskeli kutoka Mwanza hadi Ukerewe, kisha nirudi kwa meli kutoka Nansio. Rafiki tuliyepanga naye safari aliniaga Kisesa, akasema mgongo unamuuma. Mpaka leo siuamini mgongo ule.

Kwenye lami shida ni mabasi. Dereva anakupigia honi ukiwa tayari umekaribia mtaroni, na mchana upepo wa ziwani unakupinga kifuani hata kwenye mteremko. Magu mama mmoja muuza michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa, alinijazia mfuko mzima, akakataa hela. Baada ya Lamadi, karibu na Ndabaka, lango la hifadhi ya Serengeti, nyani walikaa katikati ya barabara wakinitazama, na mimi ndiye niliyesubiri wao waondoke.

Tope nililikuta baada ya Bunda. Udongo mweusi wa mbuga ukilowa haukubali kupitwa. Unanata kwenye tairi, unajazana chini ya madigadi, unakazana mpaka gurudumu linagoma kabisa. Nilikuwa na kijiti cha mkwaju. Nasukuma hatua chache, nainama, nachokonoa, nasukuma tena. Jua lilipokuwa linazama, kabla ya kufika Kibara, nikasikia "ti!" nyuma. Spoku. Haikupita muda, ya pili. Kwenye Phoenix mbele kuna spoku 32 na nyuma 40, kwa kuwa mzigo wote unakaa nyuma. Zikianza kukatika huko, zilizobaki zinaelemewa. Ringi ikapinda, ikawa inasugua breki.

Giza likanikuta nikiburuta. Ndipo nikasikia filimbi, ikajibiwa na nyingine upande wa mashamba.

"Simama hapo hapo! Weka baiskeli chini!"

Walikuwa sungusungu, vijana kwa wazee, na fimbo zao na tochi. Ulinzi huu ulianzia kwa Wasukuma na Wanyamwezi mwanzoni mwa miaka ya 1980, wizi wa ng'ombe ulipozidi, na mtu anayetembea usiku na mzigo ndiye hasa wanayemtafuta.

"Shikamooni wazee."

Hakuna aliyeitikia.

"Unatoka wapi?"

"Mwanza."

"Na baiskeli?" Mmoja akacheka. "Mwanza mabasi yamekwisha?"

Wakafungua mzigo wote, chupi na soksi zikaanikwa kwenye mwanga wa tochi. Kadi yangu ya mpiga kura ilipita mikono yote, na kila aliyeishika aliilinganisha na uso wangu. Kisha likaja swali lenyewe: risiti ya baiskeli iko wapi? Risiti ilikuwa Mwanza, ndani ya droo. Walinong'ona muda mrefu kwa lugha yao. Nilikuwa natetemeka, na haikuwa baridi tu.

Mzee mmoja ambaye hakuwa amesema lolote akauliza, "Umekula?"

Nikasema hapana. Kuanzia hapo maswali yakaisha. Kijana yule aliyenicheka akaibeba Phoenix begani, na tope lake lote, mpaka kwa mwenyekiti wa kitongoji. Mwenyekiti akaamshwa, akaandika jina langu kwenye kaunta buku, nikatia saini. Mkewe aliwasha moto upya, akasonga ugali wa muhogo, dagaa wakapashwa. Nilipokuwa nakula alikaa pembeni akinisema.

"Mwanangu, mama yako anajua uko wapi?"

"Hajui, mama."

"Basi ongeza tonge."

Asubuhi wakanipeleka kwa fundi chini ya mwembe. Spoku hazikumpa shida, alizichomoa kwenye ringi kuukuu, maana pale karibu kila nyumba ina Phoenix. Bei ndiyo ilikuwa ya mgeni. Nililipa kimya. Mke wa mwenyekiti alipopata habari alikwenda mwenyewe, sijui alimwambia nini, akarudi na nusu ya hela yangu. Binafsi sikumlaumu fundi; alikuwa ameinyoosha ringi vizuri mno.

Mwenyekiti alinipa barua yenye mhuri: mleta barua ni raia mwema, alilala kwake, asisumbuliwe. Nikaifunga ndani ya nailoni. Kisorya, nikiwa kwenye foleni ya kivuko cha kwenda Rugezi, kijana mwenye filimbi shingoni akaja moja kwa moja kwenye baiskeli yangu. Nikamkabidhi barua kabla hajafungua mdomo. Akaisoma yote polepole, akaikunja, akanirudishia.

"Sawa kaka. Na risiti?"