Tafakari ya Juma: Eunike, Mama yake Timotheo

Somo: 2 Timotheo 1:5, 3:14-15

Bwana asifiwe, wapendwa.

Akina Eunice wamejaa makanisani mwetu, Kenya na Tanzania pia, na wengi wao huitika kwa "Yunisi". Biblia ya Kiswahili inamwandika mama yake Timotheo Eunike, na hapo iko karibu zaidi na kalamu ya Paulo. Hata mkazo ni ule ule: Wayunani waliuweka kwenye "ni", silabi ya pili kutoka mwisho, kama tufanyavyo sisi. Ile "s" ilipatikana njiani. Walatini waliandika c wakaitamka k. Waingereza wakaipokea c hiyo hiyo wakaisoma s. Kuitwa Yunisi si kosa, ila maana inajificha, kwa sababu uzito wa jina umo katika "nike". Na anayemwandikisha mtoto achague tahajia moja tangu mwanzo. Kadi ya ubatizo ikisema Yunisi na cheti cha kuzaliwa kikisema Eunice, binti ndiye atakayehangaika siku ya kuomba kitambulisho.

"Nike" ni ushindi. "Eu" ni vizuri, au -ema. Ndiyo inayoanza neno la Kiyunani lililotupatia Injili, yaani habari njema, na ndiyo iliyojificha mwanzoni mwa Ekaristi. Eunike basi ni ushindi mwema. Jamaa zake ni Nikodemo, ushindi wa watu. Bernike wa Matendo 25, aletaye ushindi. Na mji wa Thesalonike, ulioitwa kwa jina la mke wa mfalme Kasandro, binti wa Filipo wa Makedonia. Ni majina yenye harufu ya vita na viti vya enzi. Hata Eunike halikuanzia kwa Wayahudi: mshairi Hesiodo, karne nyingi kabla ya Kristo, alilitaja kati ya mabinti 50 wa Nereo, mungu wa bahari wa Wayunani. Waingereza walilipokea kutoka katika Biblia, Marekani likapendwa sana mwanzoni mwa karne ya 20 kisha likafifia, nasi tungali tunawapa watoto wetu. Mwaka 2013 Mkenya Eunice Sum alitwaa dhahabu ya dunia ya mita 800 kule Moscow. Jina lilimkaa kweli.

Lakini huyu wa Biblia hatuonyeshwi taji lake. Aliishi Listra, koloni la Warumi katika Uturuki ya leo, kusini mwa Konya. Soma Matendo 14: watu wa mji ule walimwita Barnaba Zeu na Paulo Herme, majina ya miungu yao, wakaleta ng'ombe wa kuwachinjia, baadaye Paulo akapigwa mawe papo hapo, akaburutwa nje ya mji wakidhani amekufa. Luka hataji sinagogi lolote Listra. Mume wa Eunike alikuwa Myunani, na mwanawe alikua bila kutahiriwa mpaka Paulo alipomchukua (Matendo 16:1-3). Kwa mama Myahudi kama Eunike, hilo halikuwa jambo dogo.

Sasa angalia Paulo anasifu nini. "Imani isiyo na unafiki." Mnafiki, kwa Kiyunani, alikuwa kwanza mwigizaji wa jukwaani, asemaye akiwa amevaa kinyago. Mtoto anamwona mamaye akiwa amechoka, akiwa amekasirika, akiwa hana chakula cha jioni. Kwake kinyago hakidumu. Imani hiyo, asema Paulo, "ilikaa" kwanza katika Loisi, bibi yake Timotheo, kisha katika Eunike. Ni kukaa kwa mwenye nyumba, si kwa mgeni apitaye.

Na neno "nike", ushindi wenyewe, linapatikana mara moja tu katika Agano Jipya la Kiyunani, 1 Yohana 5:4: "na huku ndiko kushinda kuushindako ulimwengu, hiyo imani yetu." Nike ya Eunike ilikuwa ndiyo hiyo imani iliyokaa ndani yake.

Timotheo aliyajua Maandiko "tangu utoto". Neno alilotumia Paulo ni la mtoto mchanga kabisa. Luka analitumia kwa Mtoto wa horini, na hata kwa Yohana tumboni mwa Elisabeti. Basi tusingoje mtoto ajue kusoma ndipo tumpeleke shule ya Jumapili. Kumbukumbu la Torati 6:7 inatoa nafasi nne: uketipo nyumbani, utembeapo njiani, ulalapo, uondokapo. Wengi wetu huanza na sura nzima usiku, mtoto akasinzia, na ikifika siku ya tatu zoezi limekufa. Juma hili tuchukue mstari mmoja mfupi, kwa mfano Zaburi 23:1, kwa siku zote 7. Mama auseme wakati wa kulala, mtoto aurudie asubuhi akivaa, wausemee njiani. Usibadilishwe hata kama wewe umeuchoka. Mchanga hujifunza kwa kurudiwa.

Ambaye mwenzake hasali, aanze na saa ya kulala, kwa sauti ya chini. Na kama bibi yupo nyumbani, apewe zamu yake. Kwa Timotheo yeye ndiye aliyetangulia.