Macho ya Mama

Juzi mwanangu aliniuliza, "Mama, mbona nikitikisa kichwa nasoma vizuri, lakini nikitikisa kitabu maandishi yanavurugika?" Nilimjibu kwa ufupi, na usiku kucha nikamuwaza marehemu mama yangu na siku ile tuliyokwenda naye kwa daktari wa masikio.

Kifua kikuu kilikuwa kimemrudia, akachomwa sindano za streptomaisini, akapona. Alipoanza kutembea tena, alilalamika kwamba mabango ya maduka yanarukaruka kila apigapo hatua, na akisimama yanatulia. Miwani aliyoandikiwa haikumfaa kitu.

Daktari alitumia kipimo ambacho watafiti Halmagyi na Curthoys walikieleza mwaka 1988, nacho hakihitaji mashine. Aliketi mbele ya mama, akamshika kichwa kwa mikono miwili, akasema, "Mama, nitazame puani, usiniachie." Alikigeuza polepole huku na huku, macho yakabaki pale pale. Kisha akakigeuza kidogo tu, kwa ghafla, upande wa kulia, nami nikaona kwa macho yangu: macho ya mama yalikwenda pamoja na kichwa, yakaiacha pua, ndipo yakaruka kuirudia. Upande wa kushoto ikawa vivyo hivyo. Daktari akanikalisha mimi kwenye kiti kile, akanigeuza kichwa vivyo hivyo, akamtaka mama anitazame macho. Mama alinikazia macho kwa muda, kisha akasema taratibu, "Ya mwanangu hayabanduki."

Ndani ya kila sikio mna mirija mitatu ya nusu duara yenye majimaji. Kichwa kikigeuka, majimaji hayo hubaki nyuma na kupinda vinyweleo vya seli, na habari hupita katika seli tatu tu za neva zinazopokezana hadi kwenye misuli ya macho, ambayo huyageuza macho kinyume cha kichwa kwa takriban sehemu moja ya mia ya sekunde. Kuona peke yake hakuna wepesi huo, ndiyo maana kitabu kinachotikiswa hakisomeki. Streptomaisini ilikuwa imeziua seli zile za mama, nazo hazioti tena.

Alipewa mazoezi ya kukazia macho herufi ukutani huku akigeuza kichwa, akayafanya kwa bidii, yakamsaidia kiasi; hata hivyo, maisha yake yote yaliyobaki alisimama kwanza kabla ya kusoma kibao cha daladala. Mara nyingi nimejiuliza kama angezikataa sindano zile lau angeelezwa mapema, lakini nikikumbuka alivyokuwa akikohoa usiku, nashindwa kumjibia.