Neno la Rabai

Nimerudi Nairobi jana usiku, na Julai hii haina huruma. Nimejifunika shuka, chai imepoa mkononi, na kichwani limeganda neno moja: baridi.

Tulishuka treni Miritini, Mombasa, matatu hadi Mazeras, kisha boda ikatupandisha Rabai. Watu wa Nyeri wangecheka nikiita kile mlima. Ni kilima kilichojaa minazi, lakini ukifika juu, upepo wa bahari unakukuta jasho likiwa bado linatiririka. Mama mmoja alinipasulia dafu kwa mapigo matatu ya panga, akachonga kijiko kwa kipande cha kumbi. "Kunywa kwanza, mwanangu, wazungu hawaendi popote."

Maana nilienda kwa ajili ya Krapf, yule mmisionari Mjerumani tuliyekaririshwa shuleni, misheni ya 1846 na kadhalika. Nikarudi na Rebmann, mmisionari mwenzake. Nyumba yake ipo hadi leo, karibu na kanisa. Kutoka Rabai ndiko alikoondoka kwenda bara, na tarehe 11 Mei 1848 akaona weupe juu ya Kilimanjaro. Aliandika kwenye shajara yake kwamba kiongozi wake wa njia aliuita weupe ule "baridi" tu. Theluji hakuwa na jina lake, basi akaiita kwa inavyofanya. Kule London, mwanajiografia Cooley, ambaye hakuwahi kukanyaga Afrika, alibisha miaka nenda miaka rudi kwamba theluji haiwezi kuwepo huku. Yule kiongozi hakuulizwa.

Rebmann alibaki huku hadi 1875, akarudi kwao Ujerumani macho yamepotea. Mwaka uliofuata akafa. Nilisimama mbele ya nyumba yake nikimfikiria mtu aliyebishiwa kuhusu alichokiona, kisha macho yenyewe yakamwacha.

Msitu wa kaya, ule mtakatifu wa Wamijikenda, niliutazama kwa mbali. Najua UNESCO waliziingiza kaya za Wamijikenda kwenye urithi wa dunia mwaka 2008, lakini mwenye kaya ni wazee, na hao huombwa mapema, si na mtu mwenye tiketi ya treni ya jioni.

Asubuhi hii nimepanda juu ya paa la nyumba yetu kutafuta Kilimanjaro. Siku ya anga safi huonekana, upande wa kusini. Leo mawingu matupu. Jirani alikuwa anaanika nguo ambazo hazitakauka. "Unatafuta nini huku juu, dada?"

"Baridi," nikamwambia.

Akaniangalia. "Si hii hapa?"