Swali la nyumbani, jibu la shuleni

Tangu Jumapili maneno ya Mama Furaha hayajanitoka kichwani. Nimehama nayo nyumba (ndiyo, hatimaye tumehama, vitanda bado viko sebuleni), nimekaa nayo hospitali usiku kucha Zawadi akijifungua, mtoto wa kike, wote wazima, na bado nikifumba macho namwona pale kwenye ngazi za kanisa, mkoba kwapani, ananitazama.

Aliniuliza hivi: "Mwanangu, si wewe unayesomea zile rada za magari yasiyo na dereva? Hebu niambie. Mimi nashinda katikati ya yale magari, hata kivuli hakuna. Yatanidhuru?"

Nikamjibu: "Wala usiwe na wasiwasi, Mama. Nimepima mwenyewe. Nguvu yake iko chini ya kikomo cha usalama mara elfu arobaini."

Akanyamaza kidogo. Kisha akasema, kwa upole tu: "Nimekuuliza swali la nyumbani, umenijibu la shuleni." Akanigusa bega, akashuka ngazi kwenda kwenye gari la Baba Furaha.

Basi. Hayo tu. Hakukasirika, na nadhani ndiyo maana yananichoma.

Mnajua kazi yake. Ni yadi moja hapa Phoenix ambako magari hayo huja kuchajiwa na kuoshwa. Anasafisha viti, anafuta vioo, halafu anapita na kitambaa laini kwenye vifaa vya kuonea: kamera, laida (zinazopima umbali kwa mwanga wa leza), na vile vibao vyeusi kwenye pembe za gari ambavyo nyuma yake kuna rada. Mji huu umeyazoea magari haya. Waymo, mojawapo ya kampuni za magari hayo, ilianza kubeba abiria wa kawaida bila dereva hapa mwaka 2020, na mfumo wao wa kizazi cha sita una kamera 13, laida 4 na rada 6. Kwa hiyo mtu aliyesimama katikati ya magari kumi yenye vifaa vya namna hiyo amezungukwa na rada 60. Anauliza kuhusu hizo 60, kuhusu kuzigusa kwa mkono, kuhusu saa nane kila siku. Mimi nilimjibu kuhusu kibao kimoja cha majaribio (bodi ya saketi yenye chipu ya rada) kilichokaa juu ya meza, umbali wa mita moja. Kila nikilirudia jibu langu naona halikugusa hata neno moja la swali lake.

Niliandika humu mwezi uliopita jinsi kipimo kinavyopangwa, lakini nirudie, kwa sababu kilichotokea Jumatatu kinaanzia hapo. Rada ya gari hufanya kazi kati ya gigahezi 76 na 81. Urefu wa wimbi ni kama milimita 3.9. Chipu ya kibao chetu inasukuma miliwati 16 hivi kwa kila antena, na antena inazikusanya mbele kiasi cha desibeli 10, yaani mara kumi, hivyo kwa aliye mbele yake ni kama miliwati 160 zinazosambaa pande zote. Unakifunga kibao kwenye kishikio cha mbao, kamwe si cha chuma. Nyuma ya honi ya kupokelea (antena yenye umbo la tarumbeta), na juu ya meza yote, unapanga sponji nyeusi zenye miiba ili mawimbi yasirudi. Kutoka antena hadi mdomo wa honi unapima sentimita 40. Ukisogea mbali zaidi, mashine ya kuchambua masafa haisikii vizuri. Ukikaribia chini ya 20 uko mahali ambapo wimbi bado halijatulia, na hesabu ya umbali haisimami. Honi unaizungusha polepole hadi usomaji ufike juu kabisa, kwa maana ikisimama wima wakati antena imelala utapoteza karibu kila kitu.

Halafu kuna maungio. Mrija wa WR-12, unaopitisha mawimbi kutoka kwenye honi, una tundu la milimita 3.1 kwa 1.55, dogo kuliko punje ya mchele. Skrubu zake nne zinakazwa kwa kukingamana, kidogo kidogo, kama nati za tairi. Ukikaza upande mmoja kwanza, unabaki ufa usioonekana kwa jicho, na nguvu inavujia hapo. Kila asubuhi napuliza tundu lile, nalimulika kwa tochi, kisha naacha mashine ipate moto nusu saa kabla ya kuandika namba yoyote.

Hayo yote niliyafanya, na namba ilitoka ileile siku tatu mfululizo. Ndiyo niliyompa Mama Furaha.

Jumatatu, usingizi ukiwa bado machoni, niliamua kukagua jambo moja kwa sababu tu maneno yake yalikuwa yananisumbua. Rada hizi hazitoi sauti moja (nasema sauti kwa mfano tu, maana yangu ni masafa ya wimbi). Zinapiga mluzi unaopanda: chetu kinaanzia gigahezi 77 na kupanda megahezi 30 kwa kila maikrosekunde, kinarudi chini, kinapanda tena. Nikakiamuru kibao kiache mluzi na kitoe sauti moja iliyosimama. Nguvu ni ileile, umbali uleule, honi haijaguswa. Mstari kwenye skrini ukaruka juu desibeli 11.

Nikaurudisha mluzi, mstari ukashuka. Nikauzima, ukapanda. Nilifanya hivyo mara sita, nikisimama mbele ya skrini kama mtu anayejaribu swichi ya taa.

Sababu yake si ngumu, na inaumiza kwa sababu imeandikwa kwenye miongozo. Mashine ya kuchambua masafa inatazama kupitia dirisha, na langu lilikuwa la megahezi 1. Mluzi wetu unalipita dirisha hilo kwa nanosekunde 33, wakati dirisha lenyewe linahitaji kama maikrosekunde nzima kujaa. Ni sawa na kupitisha kikombe mbio chini ya bomba kisha kusema bomba linatoa tone. Kuna fomula ya kurekebisha, na kwa mwendo wetu inatoa upungufu wa desibeli 11.2, karibu kabisa na nilichokiona kwa macho. Desibeli 11 ni mara 13.

Kwa hiyo nguvu niliyoipima, ile iliyozaa namba niliyompa mama wa watu kwenye ngazi za kanisa, ilikuwa ndogo mara 13 kuliko ukweli. Nilikaa chini. Sikufikiria tasnifu wala profesa. Nilifikiria mkono wake begani mwangu.

Jumanne nikapima upya kwa kipima nguvu cha joto. Hiki hakijali mluzi unakwenda mbio kiasi gani. Kinapokea joto lote linaloingia na kusema wastani. Kwa kuwa kibao kinarusha robo tu ya muda na kupumzika robo tatu, wastani ulitakiwa kuwa dBm -26 (desibeli 26 chini ya miliwati moja) kwenye ile sentimita 40, na ndipo sindano ilipotua. Ukigeuza hesabu hadi mita moja, unapata kama wati 0.003 kwa mita ya mraba. Kikomo cha ICNIRP, tume ya kimataifa ya kinga dhidi ya mionzi isiyoayonisha, kwa watu wa kawaida ni wati 10 kwa mita ya mraba kwa mwili mzima, wastani wa dakika 30. FCC, mamlaka ya mawasiliano ya hapa Marekani, nayo inasema 10. Basi ni chini ya kikomo mara elfu 3 hivi. Si elfu 40.

Hapo ndipo kitu kikalegea kifuani. Namba ilikuwa imeharibika, na bado jibu likabaki upande uleule. Na kwa mara ya kwanza wiki hii nikaweza kulishika swali lake kama alivyoliuliza.

La kwanza: kugusa. Tuseme ameweka kiganja juu ya antena yenyewe. Hapo hesabu ya umbali haifai, unatumia nyingine rahisi zaidi: miliwati 16 zote, bila kupotea hata moja, zipite kwenye sentimita 4 za mraba za ngozi. Hiyo ni wati 40 kwa mita ya mraba. Ukiweka robo ya muda inakuwa 10. Kikomo cha sehemu ndogo ya mwili, kwa gigahezi 77, ni wati 25.5, wastani wa dakika 6. Antena tatu zikirusha kwa pamoja karatasi inasema 30, imevuka, na hilo nitamwambia bila kuficha. Lakini ni kwa mtu aliyebandika kiganja pale dakika sita nzima. Kufuta kwa kitambaa ni sekunde 10. Ukigawa kwa dakika sita, hiyo 30 inashuka chini ya 1.

La pili: magari mengi. Hapa kibao changu hakisemi lolote, maana rada ya gari inayotazama mbali ina antena kubwa zaidi. Basi nikachukua kiwango cha juu kabisa ambacho FCC inaruhusu rada moja, wastani wa dBm 50, yaani wati 100 kwa upande mwale wake unakoelekea. Kwa mita 2 ni wati 2 kwa mita ya mraba. Weka magari manne yamemzunguka kwa mita mbili, kila moja linamwelekezea mwale wa kiwango hicho kwa wakati mmoja bila kupumzika. Ni 8. Bado iko chini ya 10, na sijapunguza chochote kwa zile robo tatu za kupumzika.

La tatu: saa nane kila siku. Mawimbi haya hayana nguvu ya kuvunja vinasaba. Yanaishia kwenye ngozi, chini ya milimita moja, na kinachobaki ni joto, nalo damu inalibeba. Ndiyo maana vikomo vimepimwa kwa dakika. Joto la jana halimsubiri leo.

Na kuna jambo aliloligusa kwa mbali Jumapili, nami nikalipita kwa sababu halikuwa kwenye namba zangu: kwamba yadi haina kivuli. Jua la adhuhuri hapa ni kama wati 1,000 kwa kila mita ya mraba. Mwaka 2023 Phoenix ilikaa siku 31 mfululizo joto likifika nyuzi 43 au zaidi. Mtu anayefuta rada saa saba mchana bila turubai anapokea juani mara mia ya kile kikomo ninachokisumbukia maabara. Kama ningemsikiliza, hapo ndipo ningeanzia: maji, kofia pana, na kumwomba msimamizi turubai.

Nimeyaandika haya yote kwa Kiswahili kwenye karatasi moja, kwa mkono, bila dBm hata moja. Mstari wa kwanza nimeandika kwamba namba niliyompa Jumapili ilikuwa na kosa, na kosa lenyewe. Nilijaribu kuuweka mstari huo mwisho, ukaonekana kama unajificha, nikaurudisha juu. Chini yake: "Ungekuwa mama yangu mzazi ningekuacha uendelee na kazi hiyo, na ningekununulia kofia." Sijui kama hilo ndilo jibu la nyumbani. Nimelisoma kwa sauti mara tatu na sauti haijatetemeka. Jumamosi ana zamu ya asubuhi, kwa hiyo nitampelekea jioni, na mimi mwenyewe nitakuwa nimeandika upya jedwali lote la mwezi uliopita. Mliolinakili jedwali hilo kutoka humu, tafadhali ongezeni desibeli 11.2 kwenye kila mstari wenye mluzi. Mistari ya sauti moja iacheni ilivyo.

Saa sita na nusu sasa. Baba amelala kwenye godoro hapa pembeni, na nimekumbuka kwamba barua yake ya kliniki ya macho ilikuwa ifike Jumatatu. Tumebadilisha anwani kila mahali isipokuwa huko. Itakuwa imekwenda nyumba ya zamani, na wapangaji wapya wanaingia kesho. Inabidi niamke saa kumi na moja nikaangalie lile sanduku kabla hawajabadilisha kufuli.