Kimya jii

Wiki ya kwanza niliwaandikia wanafunzi wangu sentensi moja ubaoni, wakainakili: "Sauti ya neno haina uhusiano wowote na maana yake." Walikuwa wageni wanane waliokuja kujifunza Kiswahili. Nikawaeleza kwamba hilo alishalisema Ferdinand de Saussure, mwanaisimu wa Uswisi, katika kitabu kilichotoka mwaka 1916, miaka 3 baada ya kufa kwake. Sisi husema maji, Waingereza husema "water", Wajapani "mizu". Kitu ni kilekile ila sauti haziingiliani hata chembe. Ni mapatano ya wasemaji, basi. Nililisema hilo bila wasiwasi wowote, kama nilivyofundishwa.

Baada ya wiki kadhaa ikafika zamu ya tanakali sauti. Mzigo umeanguka pu, jiwe limetumbukia majini chubwi: hayo waliyapokea kwa furaha, kwa kuwa yanaiga mlio. Saussure naye aliyakubali, ila akayaona machache na yasiyo na uzito. Nikaendelea mpaka "kimya jii".

Mwanafunzi mmoja Mjapani akanyoosha mkono.

"Samahani, mwalimu. Pu ni mzigo. Chubwi ni maji. Jii ni mlio wa nini?"

Nikabaki na chaki mkononi. Kimya hakina mlio. Jibu la kitabuni nilikuwa nalo, kwamba ni mazoea tu, lakini nilipolitamka neno lile polepole nilisita. Meno yanakaribiana, ulimi unainuka, sauti inakuwa nyembamba na kuvutwa mpaka inaishia yenyewe. Kwangu mimi jii haikitaji kimya. Jii ndiyo kimya. Nikamuuliza kwao wanasemaje.

"Shiin," akajibu, akiivuta irabu vilevile nivutavyo mimi. Kisha akakumbuka kwamba hata "jii" wanayo: ni kumkazia mtu macho kwa muda mrefu, bila kuyahamisha.

Mwili ulinisisimka. Najua nasibu ipo. Katika Kimbabaram, lugha ya wenyeji wa Australia, mbwa aliitwa "dog", na lugha hiyo haina udugu wowote na Kiingereza. Maneno mawili yakifanana hayathibitishi kitu. Hata hivyo sikuweza kuendelea na somo kama nilivyoliandaa.

Nikafuta ubao, nikaandika "tiririka" na "bubujika", maneno ambayo hawakuwa wamefundishwa. Nikawauliza: lipi ni la maji membamba, na lipi ni la maji yanayofoka kwa wingi? Saba wakasema tiririka ndiyo nyembamba. Wa nane akakataa katakata. Kwake bubujika ilikuwa laini mno, ikamfanya afikirie machozi. Sikuweza kumkosoa, kwa kuwa machozi hububujika kweli.

Nikachora maumbo mawili, moja la ncha kali na jingine la mviringo, nikauliza lipi ni "kiki" na lipi ni "bouba", maneno ya kubuni yasiyo na maana. Jaribio hilo lilivuma baada ya watafiti Ramachandran na Hubbard kuliandika mwaka 2001, likiwa limetokana na lile la mwanasaikolojia Wolfgang Köhler la mwaka 1929. Wote wanane, bila kutazamana, wakaipa kiki ncha. Miaka mingi baadaye, mwaka 2021, nilisoma matokeo ya jaribio hilohilo kwa wasemaji wa lugha 25: takriban watu 7 kati ya 10 walichagua kama darasa langu, ingawa si kila lugha ilikubali.

Usiku ule nilijitahidi kujipinga. Wengi huisikia "i" kuwa ndogo na "a" kuwa kubwa. Mbona basi "dogo" letu lina "o" ya mviringo, na "big" ya Kiingereza, yenye maana ya kubwa, imejengwa juu ya "i"? Maji na mizu hayajasogeleana hata leo. Sehemu kubwa ya msamiati wa lugha yoyote bado iko upande wa Saussure, na ningekuwa mwongo kuwafundisha vinginevyo.

Nikafungua maandalio ya somo, nikalikata neno "wowote" kwa mistari miwili. Juu yake nikaandika "mara nyingi", na pembeni, kwa kalamu nyekundu: jii, shiin.